Je, wajua kwa nini utumbo ukitoboka, hulemewa mapafu na figo?

Kwenye baraza za wodi za upasuaji, iwe Chake Chake au Mnazi Mmoja, jamaa wa wagonjwa huuliza swali hili mara nyingi. Kijana ameletwa kutoka Konde au Micheweni, kidole tumbo kimepasuka, amefanyiwa upasuaji, kimetolewa na tumbo likaoshwa. Siku ya pili daktari anatoka na habari nyengine: pumzi imekuwa ya haraka, mkojo umepungua, presha inashuka. Watu wanatazamana. Maradhi yalikuwa ya tumbo, figo zimeingiaje?

Jibu ni kwamba katika maradhi makubwa ya tumbo, sehemu kubwa ya madhara yanayoonekana mbali na tumbo haifanywi na vijidudu. Hufanywa na mwili wenyewe unapojihami. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la madaktari liliandika upya maana ya sepsisi, ile hali ambayo wengi wetu husema sumu imeingia kwenye damu. Walisema ni viungo kushindwa kazi kiasi cha kuhatarisha maisha kwa sababu mwili, katika kupambana na maambukizi, umepoteza mpangilio.

Tuanze ndani ya tumbo. Matumbo, ini na wengu vimefunikwa na utando mwembamba unaoteleza, ambao madaktari huuita peritoniamu. Ukiukunjua wote, eneo lake linakaribia ngozi ya mwili mzima, kiasi cha mita za mraba 1.7 kwa mtu mzima. Kwa kawaida mna majimaji vijiko vichache tu ya kulainisha, na ni safi, hayana vijidudu. Lakini hapo hapo pembeni, ndani ya utumbo mpana, gramu moja ya choo ina bakteria wanaokaribia bilioni 100. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni ukuta wa utumbo wenye unene wa milimita chache.

Ukuta ukitoboka, wa kwanza kushtuka ni makrofaji, chembe kubwa za kinga zinazoishi palepale na ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Mrusi Ilya Mechnikov ndiye aliyefungua njia ya kuzielewa chembe za aina hii. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichomeka miba ndani ya watoto wa kiti cha pweza, kiumbe yule tunayemuona pwani maji yakikupwa, akaona chembe zikisogea na kuizunguka miba ile. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Bakteria wengi wa utumbo wana kwenye ganda lao kitu kiitwacho endotoksini, na makrofaji wana vipokezi vya kukihisi. Kipokezi kikiguswa, humwaga kemikali za kuita msaada, zikiwemo TNF na interlukini 6. Mishipa midogo ya jirani hutanuka, kuta zake zikaacha nafasi, maji ya damu yakapenya, na chembe nyeupe zikapita kwa mamilioni. Huo ndio mcharuko wa mwili. Kwenye jipu la kidole unauona kwa macho: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Tumboni ni mambo yaleyale, ila uwanja wake ni mpana kiasi cha ngozi nzima.

Aliyewahi kupasua mbuzi wa Idi anaujua ule utandu wa mafuta unaofunika matumbo kwa mbele. Binadamu anao pia, na mimi huuona kuwa ni kiungo kisichopewa heshima inayostahiki. Matumbo yanapocheza na pumzi zinapopanda na kushuka, utandu huo husogezwa hadi penye uvimbe, ukanata na kuziba. Ndani yake mna vituo vidogo vilivyojaa chembe za kinga. Wakati huohuo protini ya damu iitwayo faibrinojeni huvuja na kugeuka nyuzi zinazoyagandisha matumbo pamoja, ili uchafu ubaki kwenye kona moja. Ikifaulu hivyo, mgonjwa hupata jipu la ndani, baya lakini lenye mpaka. Kwa watoto wadogo utandu huo bado ni mfupi na mwembamba, kwa hiyo kidole tumbo kikipasuka uchafu husambaa upesi zaidi. Mtoto wa miaka minne anayelia tumbo na kukataa kuguswa asingojewe mpaka asubuhi.

Maumivu nayo hufuata mcharuko huu hatua kwa hatua. Kidole tumbo kikianza kuvimba, maumivu huwa kitovuni na hayana mahali maalumu, kwa sababu neva za utumbo hazina uwezo wa kubainisha sehemu. Baada ya saa kadhaa uvimbe hufika kwenye utando wa ukuta wa tumbo, na hapo maumivu huhamia kulia chini, mgonjwa akaweza kuyaonesha kwa ncha ya kidole. Misuli ya tumbo hukaza. Mgonjwa hulala bila kutikisika, na njiani kila shimo la barabara linamliza. Matumbo huacha kucheza, hakuna upepo wala choo.

Halafu hutokea jambo linalowapoteza wengi. Kidole tumbo kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua kwa muda kwa sababu mgandamizo wa ndani umeisha. Nyumbani watu wanashukuru Mungu, wanasema chango limetulia. Saa chache baadaye tumbo zima linawaka.

Nasema hili bila kuzunguka: haluli, ambayo nyumba nyingi za Unguja na Pemba huiona ni dawa ya kila tumbo, ni hatari kwa tumbo la namna hii, kwa kuwa huusukuma utumbo uliovimba na huweza kuharakisha kupasuka. Kukanda tumbo lililokaza usifikirie. Na diklofenaki ya duka la dawa hushusha homa na maumivu, lakini haizibi tundu.

Sasa mapafu na figo. Majimaji ya tumboni hayatulii mahali pamoja. Kila pumzi huyapandisha kuelekea kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Kiwambo kina vitundu vidogo mno ambavyo Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alivieleza katika karne ya 19. Vitundu hivyo hufyonza majimaji na kuyapeleka kwenye mishipa ya limfu, na mwisho kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo. Safari hiyo ni ya dakika chache. Siku zote ni njia ya kusafisha tumbo, lakini utumbo ukitoboka njia hiyohiyo hubeba bakteria, endotoksini na kemikali za mcharuko hadi kwenye damu. Wito uliokuwa wa kona moja sasa unafika mwili mzima, na mishipa midogo kila mahali inafanya ilivyoamriwa: inatanuka na kuvuja.

Nyumba ya makuti ikishika moto kijijini, majirani huja mbio na kung'oa mapaa ya pembeni ili moto usivuke, na hiyo ni busara. Mbiu ikipigwa kila mtaa kwa wakati mmoja, yatang'olewa hata mapaa ambayo hayajafikiwa na cheche.

Hesabu yake inatisha. Utando wa mita za mraba 1.7 ukivimba kwa milimita 1 tu, umeshameza lita 1.7 za maji, na mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Ongeza maji yanayojaa ndani ya matumbo yaliyosimama. Presha hushuka ingawa hakuna damu iliyomwagika. Figo zikikosa msukumo wa damu hupunguza mkojo: mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa, na ndiyo sababu wauguzi huukagua ule mfuko wa mkojo mara kwa mara.

Mapafu yana balaa lake. Damu yote inayorudi moyoni kutoka mwilini hupitia kwenye mishipa midogo ya mapafu kabla ya kwenda kwengine, kwa hiyo chembe nyeupe zilizocharuka hukwama humo kwanza. Humwaga vimeng'enya vilivyokusudiwa kuua bakteria, lakini hapo vinakutana na kuta nyororo za vifuko vya hewa. Maji huingia vifukoni. Mgonjwa anavuta pumzi mara 22 au zaidi kwa dakika, anaanza kuweweseka, na akili haimkai sawa. Dalili hizo mbili kwa mtu mwenye maambukizi, pamoja na namba ya juu ya kipimo cha presha kusoma 100 au chini ya hapo, ni za kukimbilia daktari usiku huohuo.

Je, tunajuaje kuwa ni mwili wenyewe na si vijidudu? Angalia kongosho. Jiwe la nyongo likiziba mfereji wake, vimeng'enya vya kusagia chakula huamka ndani kwa ndani na kuanza kulila kongosho lenyewe. Mwanzoni hakuna kijidudu hata kimoja. Hata hivyo, mgonjwa mwenye hali kali hupata homa, presha ikashuka, mapafu yakajaa maji, sawasawa na aliyetobokwa na utumbo. Chembe zilizokufa hutoa vitu vyao vya ndani, na makrofaji huvisoma kama tangazo la hatari.

Kwetu Zanzibar upo ugonjwa unaoonesha jambo hili vizuri zaidi, nao ni homa ya matumbo. Uchunguzi wa damu za wagonjwa wenye homa uliofanywa kwenye hospitali za Pemba mwaka 2009 na 2010 ulimkuta bakteria wa homa ya matumbo mara nyingi kuliko bakteria wengine wa maana. Bakteria huyu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa, akajificha ndani ya makrofaji wenyewe, kisha akatua kwenye vituo vya kinga vilivyomo kwenye ukuta wa mwisho wa utumbo mwembamba. Kinga inapomshambulia, vituo hivyo huvimba, vikafa na kumeguka. Kwa kawaida ni wiki ya pili au ya tatu ya homa ndipo utumbo unapotoboka. Yaani hata tundu lenyewe ni kazi ya mapambano hayo. Mgonjwa wa homa ya matumbo aliyekuwa anapata nafuu kisha tumbo likamkaza ghafla, hilo si suala la kubadilisha vidonge.

Vipimo vya damu husaidia, lakini vinataka kusomwa kwa akili. Chembe nyeupe kwa kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Kupanda juu ya 12,000 kunaeleweka. Kushuka chini ya 4,000 kwa mgonjwa mahututi kunatisha zaidi, maana huenda uboho unaozitengeneza umezidiwa na matumizi. CRP, protini inayotengenezwa na ini na iliyogunduliwa New York mwaka 1930, huanza kupanda baada ya saa sita hivi na kufika kileleni karibu siku ya pili. Kwa hiyo kipimo kizuri kilichochukuliwa saa tatu tu baada ya maradhi kuanza hakimsafishi mtu. Wazee, wenye kisukari na wanaotumia prednisoloni, dawa inayotuliza kinga, wanaweza wasipate homa wala tumbo gumu, huku ndani mambo yameharibika.

Kuna upande wa pili ambao sayansi ilichelewa kuuona. Katika miaka ya 1990 madaktari walijaribu dawa za kuzima TNF kwa maelfu ya wagonjwa wa sepsisi, wakitumaini kuwaokoa kwa kuituliza kinga. Matokeo hayakufikia matumaini. Sababu moja ni kuwa kinga haicharuki tu, pia huchoka, na mara nyingi yote mawili hutokea kwa mtu mmoja. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za kinga, hufa kwa wingi, makrofaji wanaacha kutoa taarifa, virusi vilivyolala miaka mingi vinaamka. Ndipo mgonjwa aliyevuka wiki ya kwanza anapopata nimonia au kidonda kikatunga usaha. Jamaa wanaojazana kitandani bila kunawa mikono wanamletea mtu huyu mzigo asioweza kuubeba. Kumsaidia kukaa, kuvuta pumzi ndefu na kula pale daktari anaporuhusu kuna faida kubwa.

Ndiyo maana tiba haianzi kwa kuituliza kinga, bali kwa kuondoa kinachoichokoza. Dripu hurudisha maji yaliyovuja, antibayotiki huua vijidudu vya kwenye damu, oksijeni hununua muda, lakini upasuaji ndio unaofunga mlango. Antibayotiki hufika zinapofika damu, na katikati ya usaha na nyama iliyokufa hakuna damu. Kila saa ambayo tundu liko wazi, wito unaendelea kupigwa. Kwa familia ya kisiwa cha Kojani inayongoja mashua, hili ndilo la kupimwa kabla ya kusema tungoje kuche.

Zile nyuzi zilizoyagandisha matumbo ili kuzuia uchafu haziyeyuki zote. Nyengine hukomaa zikawa kamba ngumu, na miaka mingi baadaye zinaweza kuukaba utumbo: tumbo linajaa, mtu anatapika nyongo, hapiti upepo wala choo. Aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata kama ni utotoni, akipata hali hiyo amwambie daktari habari ya kovu lake kabla ya maelezo mengine yote.