Ndizi za Rungwe Zikikwama Kasumulu

Machi 2025 serikali ya Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kuingia kutoka nje, zikiwemo unga, mchele, mahindi, tangawizi na ndizi. Tangazo halikuilenga Tanzania peke yake, lakini ukitazama orodha hiyo utajua nani aliguswa kwanza: mkulima wa ndizi wa Rungwe na mwenye mchele wa Kyela, wilaya zetu za mkoani Mbeya. Aprili, Hussein Bashe, wakati huo Waziri wa Kilimo, alijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na pia Afrika Kusini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haipokei ndizi zetu. Siku chache baadaye zuio la Tanzania likaondolewa ili serikali zizungumze.

Tangu wakati huo swali ninaloulizwa zaidi na wafanyabiashara wa huku Mbeya ni hili: kama sisi na Malawi wote ni wanachama wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na bidhaa zetu hazitozwi ushuru, inakuwaje fuso la ndizi lirudishwe Kasumulu, kituo chetu cha mpakani na Malawi?

Jibu ni kwamba ushuru ni jambo moja na ruhusa ya kuingiza ni jambo jingine. Itifaki ya Biashara ya SADC ilisainiwa mwaka 1996, na eneo huru la biashara likaanza 2008. Inawataka wanachama wasiwekeane vizuizi vya kiasi cha bidhaa. Hata hivyo imeacha milango: nchi inaweza kuzuia ili kulinda afya ya watu, mifugo na mimea, na inaweza kuomba kulinda viwanda vyake vichanga. Malawi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni na ikasema inawalinda wazalishaji wake. Mimi naona zuio lile liliumiza pande zote, kwa sababu mkungu ukishakatwa shambani hausubiri vikao vya mawaziri. Lakini usidhani afisa wa mpakani ndiye aliyeamua kukukomoa. Uamuzi ulishatoka juu, na unaondolewa juu vilevile, kwa mazungumzo ya serikali na serikali.

Kuna sababu ya kuamini mazungumzo hayo. Malawi haina bahari. Sehemu ya mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam, ikapanda mpaka Mbeya, ambako Malawi ina bohari yake ya mizigo, kisha ikateremka Uyole, Tukuyu hadi Kasumulu. Kwa hiyo Dar es Salaam ikifungwa kwao, Lilongwe inaumia, na Kasumulu ikifungwa kwetu, Tukuyu inaumia. Nchi hizi mbili zina hata mvutano wa mpaka wa Ziwa Nyasa, unaotokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890: Malawi inadai ziwa hadi ufukwe wetu, Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano walipewa kazi ya kusuluhisha. Mvutano haujaisha, na bado watu wanavuka mto Songwe mpakani kila siku kuuza na kununua. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa tangu zamani, lugha zao zinasikilizana.

Sasa upande wa karatasi, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha hata kukiwa hakuna zuio lolote. Malawi iko SADC na COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Na Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, kinachotakiwa Kasumulu ni cha SADC. Ukija na kile cha Afrika Mashariki ulichozoea kupelekea mzigo Kenya, utatozwa ushuru kama bidhaa imetoka ng'ambo. Kwa mazao unahitaji pia cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na mnunuzi wako wa Malawi awe na kibali cha kuingiza kabla hujapakia. Narudia: kabla. Omba nakala ya kibali hicho kwa simu, soma aina ya zao, kiasi na tarehe ya mwisho, ndipo ukate mikungu.

Ukizuiwa na karatasi zako zimekamilika, usiishie kugombana getini. COMESA, Afrika Mashariki na SADC zina mfumo wa pamoja kwenye intaneti wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru. Lalamiko huenda kwa maafisa wa nchi zote mbili, nao hutakiwa kujibu. Andika tarehe, kituo, bidhaa, uzito, na sababu uliyopewa kama ilivyotamkwa. Piga picha ya nyaraka. Mzigo ule hautaokoka, lakini maafisa wa nchi mbili wakikutana tena, ndizi zako zitakuwa mezani kwa maandishi.