Je, wajua kwa nini mbwa huteseka garini ilhali wewe umetulia?

Chukua mtu na mbwa wake, uwapakie gari moja kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ni kilomita zipatazo 480, safari inayoanzia nyanda za juu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ikateremka mpaka pwani. Wanavuta hewa ileile na kutikiswa na barabara ileile. Wakifika Mtito Andei, mtu anashuka kutafuta chai. Mbwa mate yanamchuruzika hadi kifuani, ulimi wote uko nje, na pengine ameshatapika. Wengi husema tu kwamba hajazoea gari, na kweli mazoea yana nafasi yake. Ila chanzo kikubwa ni maumbile: jinsi mwili wake unavyojipoza, jinsi sikio lake linavyopima mwendo, na jinsi asivyo na cha kushika breki zinapokanyagwa ghafla.

Nianze na joto, maana ndilo linaloua upesi.

Ngozi ya mtu ina tezi za jasho zaidi ya milioni mbili. Jua likikuwakia, jasho linatoka kila mahali, linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Mbwa hana bahati hiyo. Tezi za jasho zinazomsaidia kupoa ziko chini ya nyayo tu, na mchango wake ni mdogo mno. Kazi karibu yote hufanywa kwa kuhema: anapitisha hewa mbiombio juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu wa huko unageuka mvuke, na damu inayopita hapo inapoa. Ni njia nzuri sana, mradi hewa inayoingia iwe kavu kuliko ile inayotoka. Hewa ikijaa unyevu, kama ilivyo Mombasa, Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Machi, mvuke hauna pa kwenda. Mbwa atahema maradufu na asipoe. Na ndani ya gari lililofungwa vioo, pumzi zake mwenyewe ndizo zinazoongeza unyevu huo. Kadiri anavyojitahidi, ndivyo anavyojiharibia hewa.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, juu kidogo kuliko letu. Likipita 41, viungo vinaanza kuharibika: utumbo, figo, ubongo, hata damu yenyewe huvurugika katika kuganda kwake. Kutoka 39 hadi 41 ni hatua fupi mno.

Sasa tazama gari lililoegeshwa. Mwanga wa jua hupenya kioo bila shida, unapiga dashibodi na viti, navyo vinapata moto na kuipasha hewa iliyomo. Hewa hiyo haina njia ya kutoka. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima jambo hili katika siku zenye joto la nje kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa wastani gari liliongezeka nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kwa dakika 10 tu, gari huweza kupanda nyuzi 10. Kwa hiyo kama nje ni 30, ukienda dukani "mara moja" ukapata foleni, mbwa anakaa katika 40 na bado inapanda. Kushusha vioo kidogo, ile desturi tunayoifanya sote tukijiona tumejali, watafiti hao waliona haisaidii kitu cha maana. Hata kivuli cha mwembe si cha kutegemea, kwa kuwa jua halisimami. Msimamo wangu hapa ni mkali: kama mahali unapokwenda mbwa haingii, na hakuna mtu wa kubaki naye kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mwache nyumbani siku hiyo.

Wapo wanaozidiwa mapema kuliko wenzao. Mbwa wenye pua bapa kama pagi na buldogi wana njia nyembamba ya hewa, hivyo kuhema kwenyewe ni kazi. Wazee, wanene na wenye manyoya mazito wako katika hatari pia, na humo wamo wale mbwa wa Kijerumani tunaowapenda sana kwa ulinzi. Hata gari likiwa linatembea, usidhani ubaridi unaouona wewe mbele umemfikia yeye nyuma. Geuka, weka mkono pale alipolala, uhakikishe jua la dirishani halimchomi.

Ukiona anahema kwa nguvu bila kutulia, mate yamekuwa mazito, ufizi umekuwa mwekundu kupita kiasi, anayumba au anatapika, simamisha gari papo hapo. Mpoze kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Mmwagie mwili mzima maji ya kawaida unayobeba, tumbo na mapaja yakiwemo, huku ukimpepea au ukiwasha kiyoyozi kimpige. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, kwani likishapata moto linazuia joto lake lisitoke. Mwekee maji anywe mwenyewe, usimmiminie kinywani. Hata akiamka na kutingisha mkia, daktari amwone, kwa sababu madhara ya figo na utumbo huchelewa kujitokeza.

Kutapika ni habari nyingine, na chanzo chake kimo ndani ya sikio. Huko kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyoujulisha ubongo kila mwili unapogeuka, unapoinuka au kusimama. Mwaka 1882 William James wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza mamia ya watu viziwi, akakuta zaidi ya theluthi moja yao hawashikwi na kizunguzungu hata wakizungushwa, na hapo ikaonekana wazi kwamba sikio la ndani halipo kwa ajili ya kusikia tu. Mbwa ana viungo hivyohivyo. Akiwa amelala kwenye sakafu ya gari, macho yake yanaona kiti kisichosogea, huku sikio likimwambia kwamba anapinda, anateremka, anarushwa juu kwenye matuta. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, na kichefuchefu kinafuata. Wewe dereva unaiona kona kabla hujaifikia, mwili unajiandaa. Yeye hajui lolote mpaka limeshatokea. Watoto wa mbwa husumbuka zaidi kwa kuwa viungo hivyo bado havijakomaa, na wengi hupona wenyewe wakikua.

Dalili hutangulia: kulambalamba midomo, kupiga miayo, kulia kwa sauti ndogo, kutoa mate. Ukiziona, punguza mwendo, ingiza hewa, tafuta pa kusimama. Kabla ya safari usimpe mlo mkubwa. Chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka kinatosha, lakini maji usimnyime. Dawa ipo. Inaitwa maropitanti, imetengenezwa kwa ajili ya kuzuia kutapika kwa wanyama, na daktari wa mifugo ndiye anayepima kipimo kulingana na uzito. Vidonge vya binadamu vya kuzuia kutapika usivikate nusu ukampa kwa kubahatisha.

Kuna mbwa ambaye shida yake si sikio kabisa, bali ni hofu. Huyu kwa kawaida amepanda gari mara mbili maishani: siku aliyotenganishwa na mama yake na siku ya kudungwa sindano. Ataacha vipi kutetemeka? Dawa yake ni subira. Mlishe ndani ya gari likiwa limezimwa, kesho liwashwe tu, kesho kutwa mzunguke mtaa mkarudi. Umpeleke mahali anapopapenda, uwanjani au kwa ndugu mwenye ua mkubwa, ili gari lisiwe na maana moja tu kichwani mwake.

Nije kwenye breki, jambo ambalo huku kwetu halijapewa uzito. Sisi tunafunga mkanda, mbwa tunamwacha asimame kwenye kiti cha nyuma au, vibaya zaidi, mapajani mwa dereva. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mbwa naye anakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu likasimama, yeye hasimami. Kinachompata ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu, na njiani ataangukia shingo ya aliyekaa mbele. Ikiwa ana kilo 20 na akasimamishwa na dashibodi katika nafasi ya sentimita 10, nguvu ya pigo ni kama uzito wa tani 2. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kumshikilia.

Kwa hiyo afungwe. Mkanda mpana unaopita kifuani na mabegani, ulioshikizwa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma, ni mzuri. Mkanda wa shingoni usiutumie kwa kazi hii, utamnyonga au kumvunja shingo. Kizimba imara pia ni kizuri, mradi aweze kusimama na kujigeuza ndani yake, na chenyewe kifungwe kisiteleze. Asikae mbele: mfuko wa hewa ulioundwa kumwokoa mtu mzima hufumuka kwa kasi inayoweza kumuua. Na kichwa nje ya dirisha, ingawa anaonekana kufurahi, ni vumbi na kokoto machoni, au lori linalopita karibu mno. Uingereza, kanuni za barabarani zinataka mbwa afungwe ipasavyo gari linapotembea. Kenya na Tanzania tunazo sheria dhidi ya kuwasafirisha wanyama kwa njia ya kuwatesa, Sura ya 360 ya sheria za nchi kwa Kenya na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 kwa Tanzania.

Nazitaja sheria hizo kwa sababu ya mambo yanayoonekana kila wiki barabarani. Mtoto wa mbwa katika gunia lililofungwa mdomo, chini ya kiti cha basi. Mbwa ndani ya buti la gari la saluni, gizani, bila hewa ya kutosha na huku moshi wa eksosi ukiweza kupenya. Mbwa nyuma ya pikapu, juu ya bati lililopata moto, amefungwa kamba ndefu inayomruhusu kuruka nje lakini haimruhusu kufika chini. Mwenye nia njema asiye na pesa ya kizimba anaweza kutumia katoni imara iliyotobolewa matundu pande zote, yenye kitambaa chini, ikae karibu na dirisha. Ukisafiri na watu wengine, waulize kwanza. Abiria wengi Waislamu hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao, na kizimba au katoni huwapa wote raha.

Simama kila baada ya saa mbili hivi, anyooshe miguu, anywe, ajisaidie. Chagua mahali. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inakatiza baina ya hifadhi za wanyama za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi. Humo mbwa hashuki kabisa. Nyani peke yao wanatosha kumrarua. Kwingineko mkague kupe baada ya kutembea majanini. Ukivuka mpaka, Namanga au Lunga Lunga, beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha daktari wa mifugo, ukivitafuta siku kadhaa kabla ya safari.

Kila unaposimama, shika kamba yake kwanza, uizungushe mkononi, ndipo ufungue mlango. Mbwa aliyekaa saa mbili akitikiswa huruka mara tu aonapo upenyo, na barabara ya Mombasa ina malori usiku na mchana.