OTP kujijaza yenyewe kwenye simu ni kitu gani na unaiwashaje

OTP ni zile namba, mara nyingi sita, zinazokuja kwa meseji ukitaka kuingia kwenye akaunti, kufungua WhatsApp kwenye simu mpya au kuthibitisha kwamba laini ni yako. Zinatumika mara moja, na zikikaa dakika chache zinakufa. Sasa kujijaza yenyewe maana yake simu inaisoma ile meseji ikiingia, inachomoa namba na kuziweka kwenye kiboksi chake, wewe hugusi kitu au unagusa sehemu moja tu kukubali. Ndo hivyo tu. Lakini huku Mwanza nakutana na watu wa aina mbili, kuna wanaoona namba imejiandika wakashtuka wakajua simu imeshaingiliwa, na kuna wanaoitaka ila hawajui inawashwa wapi, kwa hiyo naeleza yote alafu kila mtu achukue chake.

Kwanza kwanini ipo. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi mzigo wa dagaa umeshuka, umwangalie mama anayejaribu kuingia kwenye apu ya benki kwa simu mpya. Mikono ina vumbi la dagaa, simu kaishika kwa vidole viwili asiichafue. Meseji inatokea juu ya skrini, sekunde chache imepotea, anatoka kwenye apu anaenda kwenye meseji, anasoma kwa sauti nne saba moja, sifuri tisa mbili, anarudi huku anajirudia midomoni, anakuta apu imejifunga na imeanza upya inamuuliza namba ya simu. Anaiweka tena, inakuja meseji ya pili, sasa ziko mbili zinafanana kabisa, anachukua moja kumbe ni ile ya kwanza, anaambiwa namba si sahihi. Akirudia rudia apu inamwambia ajaribu baadaye, na mteja wa magunia kasimama pembeni anaangalia saa.

Yule mama hajakosea kitu. Simu nyingi za bei ya chini zina RAM ndogo, yaani nafasi ya kuendeshea apu kwa wakati mmoja, ukiacha apu moja ukafungua nyingine Android inaifunga ile ya nyuma ili ipate nafasi, na huduma nyingi ukiomba OTP mpya ile ya zamani inakufa hapo hapo. Namba ingejijaza yenyewe asingetoka kwenye apu hata kidogo, na kwangu mimi hiyo ndo faida kubwa, hizo sekunde za kuandika ni kitu kidogo.

Swali la pili ambalo watu wanauliza kwa hasira kidogo, simu inajuaje kwamba hii namba ni OTP na inaenda kwenye apu ipi? Kwenye Android kuna njia zaidi ya moja. Ile nzuri kuliko zote utaiona ukifungua meseji ya WhatsApp ya namba ya kusajili, pale mwishoni kabisa kuna kitu kimeandikwa 4sgLq1p5sV6. Watu wanadhani ni virusi au meseji imeharibika. Hapana, ni herufi kumi na moja ambazo zimetengenezwa kutokana na jina la apu lenyewe pamoja na sahihi ya kidijitali ya walioitengeneza, kwa hiyo kila apu ina za kwake. Meseji ikiingia, Google Play Services ambayo iko ndani ya simu inaangalia zile herufi, inaona aha hii ni ya WhatsApp, inaikabidhi WhatsApp hiyo meseji moja tu. Ni kama gunia la dagaa lililopakiwa melini kwenda Bukoba likiwa limeandikwa jina, anayeshusha haitaji kufungua magunia ya wengine ili ampate mwenyewe. Google walileta huu utaratibu mwaka 2017, na uzuri wake apu haiombi ruhusa ya kusoma meseji zako kabisa.

Njia nyingine ni ya kuombwa ruhusa. Meseji ikifika unaona kikaratasi kinapanda kutoka chini ya skrini, kinakuonyesha ile meseji yenyewe na kukuuliza kama unaruhusu apu fulani iisome. Ukikubali inasoma hiyo tu, kesho ikitaka nyingine inakuomba tena. Hii ina vituko vyake, kwa mfano aliyetuma akiwa amesevuliwa kwenye majina ya simu yako haifanyi kazi, kwa sababu mfumo unaona mtu uliyemsevu ni ndugu au rafiki, na meseji za ndugu hazipaswi kuguswa. Alafu apu inasubiri dakika tano tu, zikipita ndo basi uandike mwenyewe.

iPhone wao wanafanya tofauti, na walianza 2018 na iOS 12. Simu yenyewe ndo inaisoma meseji na kuona ndani yake kuna OTP, alafu inakuletea zile namba juu ya kibodi, unagusa zinaingia. Apu haioni meseji, inapokea namba pale tu ulipogusa. Na kwa upande wa tovuti kuna meseji zinakuja na mstari wa mwisho wenye alama ya @ ikifuatiwa na jina la tovuti, alafu alama ya # na namba yenyewe. Huo mstari unaifunga namba kwa tovuti hiyo moja, ukiwa umefungua tovuti nyingine inayofanana jina simu haikuletei. Chrome ya Android nayo inauelewa mstari huo tangu 2020. Kuna benki na kampuni hazijahangaika kuuweka, ni uvivu tu maana ni mstari mmoja.

Hapa lazima nitofautishe vitu viwili maana ndo panapochanganya. Kujijaza kwa OTP kwa njia hizo nilizoeleza siyo sawa na apu kukuambia niruhusu nisome SMS zako. Ile ya pili ukiikubali apu inaona kila kitu, meseji za salio, za mwanao shuleni, za mpenzi wako, na OTP za benki pia. Google wenyewe tangu 2019 wamebana sana apu za Play Store kuomba ruhusa hiyo bila sababu ya msingi. Kwa hiyo ukikutana na apu, hasa hizi za mikopo ya chapchap unazotumiwa kwa linki ya WhatsApp, inakuomba SMS na majina yote ya kwenye simu, jua haihitaji hivyo ili kujaza namba sita. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya apu za mikopo zisizo na leseni na zilikuwa nyingi tu, kwa hiyo siyo maneno ya vijiweni.

Kuiwasha sasa. Android, ingia Settings, shuka mpaka palipoandikwa Google, kwenye simu mpya mpya utagusa All services kwanza, tafuta Autofill, ndani yake kuna SMS verification codes, washa. Simu ikiwa ya Kiswahili Settings ni Mipangilio. Tecno, Infinix, Samsung kila mmoja anapanga menyu anavyojisikia, ukipotea tumia ile sehemu ya kutafuta juu ya Settings uandike verification itakuletea. Ukikosa kabisa usihangaike sana, ile ya herufi kumi na moja haihitaji kuwashwa popote ilimradi Google Play Services ipo na imeapdetiwa, na simu ambazo hazina huduma za Google ndo hizo zinakosa. iPhone yenye iOS 18 na kuendelea ni Settings, General, alafu AutoFill & Passwords, zile za nyuma kidogo ilikuwa chini ya Passwords. Hapo hapo kuna sehemu ya kuiambia ifute meseji ya OTP ikishatumika, ilikuja na iOS 17, mimi naipenda kwa sababu meseji hazijai takataka na ile shida ya kuchukua namba ya zamani inaisha.

Kwa wenye simu ndogo zinazosuasua kuna njia ya katikati, tumia apu ya Messages ya Google kupokelea meseji. OTP ikiingia, kwenye ile notifikesheni kunakuwa na kitufe cha kukopi namba, unagusa bila kutoka kwenye apu uliyopo, alafu unapesti. Siyo kujijaza kwenyewe lakini mama wa Mwaloni ingemtosha.

Mbona nimewasha na haifanyi kazi? Nikiulizwa hivyo na mimi nauliza, laini iko wapi? Maana hapa kwetu mtu ana simu mbili, laini ya pesa ameiweka kwenye kitochi kwa sababu chaji inakaa siku nzima na ukiibiwa simu janja hela inabaki salama, alafu WhatsApp na apu za benki ziko kwenye simu janja. Mpangilio mzuri tu sipingi, ila meseji ikiingia kwenye kitochi simu janja haina cha kusoma, hapo uandike kwa mkono hakuna ujanja. Sababu nyingine ni mtandao, ukiwa ziwani au visiwani kule Ukara meseji inaweza kuja imechelewa mpaka dakika tano zimepita, kwa hiyo usibonyeze tuma tena kila baada ya sekunde kumi, zitakuja zote kwa mpigo ukifika penye mnara na hutajua ipi ni ipi.

Sasa kitu ambacho naona hakisemwi kabisa na ndo kimenifanya niandike. Kujijaza kunafanyika pale ambapo kuna kiboksi kinasubiri kwenye simu yako. Uliomba wewe, kiboksi kiko mbele yako, namba inakuja inakaa. Ikitokea OTP imeingia na hakuna apu yoyote uliyoifungua, simu imekaa kimya haijui iipeleke wapi, maana yake kiboksi kipo lakini kiko kwenye simu ya mtu mwingine. Kuna mtu kaandika namba yako ya simu mahali na sasa anahitaji umsomee. Ndo pale inapigwa simu ndani ya dakika hiyo hiyo, shikamoo mama, tunapiga kutoka huduma kwa wateja, kuna namba sita zimeingia hapo kwa bahati mbaya naomba unitajie tukurekebishie. Sauti ya upole, jina lako analijua. Ukimtajia WhatsApp yako inahamia kwake, na kitu cha kwanza anachofanya anaingia kwenye grupu la kikoba anaandika kwa jina lako kwamba umepata dharura uko hospitali, na wenzako kwa kuwa wanakuamini wanatuma.

Kwa hiyo usimsomee mtu, hata akiwa na kitambulisho. Namba nzuri ya kumripoti tapeli ni 15040, unaitumia meseji ya kitapeli bure pamoja na namba iliyokutumia, na ukipiga *106# unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta namba usiyoijua nenda kwa mtandao husika waifute. Na kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, inakuwekea PIN ambayo tapeli hata akiipata OTP bado ataulizwa.

Isije ikasomeka kama kujijaza ni ulinzi wa kila kitu, siyo. Ile meseji isiyo na mstari wa @ iPhone inaweza kukuletea namba hata ukiwa umefungua tovuti ya kughushi, na wewe kwa mazoea ukagusa. Mtu akifanikiwa kuchukua laini yako kwa kuirenew kwa jina lako, OTP zote zinaenda kwake na simu yako inabaki haina mtandao, ukiona mnara umepotea ghafla mjini kati wakati wenzako wanao wahi ofisi ya mtandao siku hiyo hiyo. Kwa akaunti kubwa kama barua pepe ni bora zile apu zinazotengeneza namba ndani ya simu yenyewe zinazobadilika kila sekunde thelathini, hazipiti kwenye laini kabisa.

Kuna na ya simu iliyofungwa. Wengi wameweka pini nzuri ila meseji inaonekana yote skrini ikiwa imefungwa, yaani jirani kwenye daladala ya Igoma anaisoma OTP yako bila kukusumbua. Ingia Settings, Notifications, tafuta ya lock screen uchague ifiche maandishi ya siri, kujijaza kutaendelea kama kawaida kwa sababu simu yenyewe bado inaiona. Na kama simu mnaitumia watu wawili watatu nyumbani, dogo anachezea gemu humo na apu ya pesa haijafungwa na kitu, izime tu hiyo ya kujijaza mpaka uweke pini kwenye apu yenyewe.