Old Course ya St Andrews: yanayosemwa kibanda umiza na yalivyo kweli

Kila Julai ligi za Ulaya zikiwa mapumzikoni, kuna kibanda umiza huku Mwanga, Kigoma, kinachoonyesha gofu ya The Open kwa kuwa hakuna mpira wa kuonyesha. Watu wanatazama na kila mmoja anageuka mchambuzi. Mwaka 2027 mashindano hayo yanarudi St Andrews, Uskoti, kwenye uwanja wa Old Course ulio kando ya bahari, na ubishi utapanda. Mimi naanza kuupunguza sasa, maana wapo vijana wanaotamani kusoma chuo kikuu cha mji huo, kilichoanza 1413, na siku moja watapita pale.

"Ni mali ya klabu ya matajiri, hata getini husogei."

Geti lenyewe halipo. Ardhi ni ya umma, chini ya halmashauri ya Fife, na tangu 1974 inaendeshwa na St Andrews Links Trust, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Lile jengo la mawe linaloonekana nyuma ya wachezaji wanapoanza ni la klabu ya Royal and Ancient, ya tangu 1754. Jengo ni lao, uwanja si wao. Kwamba klabu yenyewe ilikuwa ya kubagua, hapo sina ubishi: wanawake walipigiwa kura ya kukubaliwa uanachama mwaka 2014, jana tu.

Wenyeji wana haki zao kwa maandishi. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliruhusiwa kufuga sungura pale, naye akatambua haki ya watu wa mji kucheza gofu, na hata mpira wa miguu, kwenye ardhi hiyohiyo. Hadi leo kuna njia ya umma, Granny Clark's Wynd, inayokata shimo la kwanza na la 18. Kwenye gofu, "shimo" ni kipande kizima cha uwanja, kuanzia unapopiga mpira mara ya kwanza hadi kitobo chenye bendera. Ni kama viwanja vyetu vya mtaani, mama mwenye ndoo akikatiza katikati ya mechi, kila mtu anasimama hadi apite.

Jumapili ndiyo siku ya kwenda kama huna fimbo. Old Course haichezwi Jumapili, isipokuwa kwenye mashindano makubwa. Watu wanatembeza mbwa, wanakaa nyasini na chakula chao, wanapanga foleni kupiga picha kwenye Swilcan, kidaraja cha mawe cha shimo la 18. Hulipi kitu.

"Basi na kucheza ni bure."

Hapana, ndugu yangu. Msimu wa joto mgeni analipa zaidi ya pauni 300 kwa mzunguko mmoja, kama shilingi milioni moja ya kwetu. Tena fedha pekee haitoshi: unatakiwa uthibitisho wa kiwango chako cha uchezaji, na nafasi nyingi hutolewa kwa bahati nasibu siku mbili kabla. Vigari vya kubeba wachezaji navyo sahau, ni vya wenye sababu za kiafya tu. Utatembea kilomita zaidi ya sita, upepo ukikupiga usoni.

"Nyasi zimekauka, wameshindwa kumwagilia."

Viwanja vya pwani vya namna hii viko juu ya mchanga, maji hayatuami, na ardhi ngumu ndiyo inayotakiwa ili mpira udunde na kuviringika mbali. Kiangazi rangi ya kahawia ni ya kawaida.

"Yale mashimo ya mchanga ni mapambo."

Ni mitego ya kunasa mpira, si yale mashimo 18 ya kuchezea. Iko 112, na mingine huioni mpaka uwe umeshaingia. Muulizeni Tommy Nakajima wa Japani. Mwaka 1978, kwenye shimo la 17, mpira wake ulikuwa tayari umefika kwenye nyasi fupi zinazozunguka kitobo chenye bendera. Akausukuma taratibu, ukafuata mteremko, ukadondoka mchangani. Alipiga mara nne ndipo ukatoka, akamaliza shimo hilo kwa mapigo tisa.

"Mashimo 18 yalipangwa kwa hesabu ya kitaalamu."

Yalikuwa 22. Mwaka 1764 mashimo manne ya mwanzo yaliunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa walikuwa wakicheza njia ileile kwenda na kurudi, mawili yaliyopungua yakahesabiwa mara mbili, mzunguko ukabaki 18. Dunia nzima ikaja kuiga.

"Unashuka na treni palepale."

Sisi wa mwisho wa Reli ya Kati tumezoea hivyo, lakini kule sivyo. Stesheni ya St Andrews ilifungwa 1969, kwa hiyo unashuka Leuchars na kupanda basi. Beba koti hata kama ni Julai. Joto la mchana huwa kama nyuzi 18.

Na kama unataka kushika fimbo bila kuuza shamba, ulizia Himalayas, uwanja mdogo wa vilima vya nyasi kando ya Old Course, wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa 1867. Wageni wanakaribishwa kwa pauni chache, fimbo na mpira unapewa. Zipo saa za wanachama, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.