Azuma haiui korona

"Dokta, nipatie azuma, hii korona imenishika kifua." Dirishani kwangu kwenye duka la dawa hapa Masasi maneno haya hayakauki, na msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ndiyo yanazidi. Mtu amekohoa vumbi la salfa wiki nzima, hajapimwa chochote, anataka vidonge vitatu vya "kuua virusi". Simpi, anakasirika, anavuka barabara na kuvipata duka la pili. Hilo linaniuma.

Azuma (azithromycin) ni dawa ya bakteria: hushika ribosomu zao, yaani viwanda vidogo vya protini ndani ya seli, na kuzizuia kutengeneza protini. Virusi vya korona havina ribosomu hata moja. Vinatumia zetu, ambazo umbo lake ni tofauti na azuma haizigusi. Ingezizuia hizo, wa kwanza kudhurika ungekuwa wewe uliyeimeza.

Fuatilia protini za virusi uone zinapita wapi. S (ile miiba), M na E (zile za utando wa kirusi) hutengenezwa na ribosomu zilizokaa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli zetu, zikapachikwa kwenye utando wake palepale. S ni mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 1,273. Hapo hukunjwa, hubandikwa sukari sehemu 22, kisha minyororo mitatu huungana kuwa mwiba mmoja. Protini ya N hubaki sitoplazimu (ute wa ndani ya seli) ikijifunga kwenye RNA, maelekezo ya urithi ya kirusi. Zote hukutana katika eneo lililo kati ya retikulamu na Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini. M huzikusanya, na kirusi kipya huchomoza kuelekea ndani ya kifuko kikiwa kimejivika utando wetu. Hata kuikata S kuwa vipande viwili, S1 na S2, hatua inayoiandaa kuingia seli nyingine, hufanywa na fyurini, kimeng'enya chetu kilichopo Golgi. Virusi vya SARS vya mwaka 2003, ndugu wa korona hii, havikuwa na sehemu hiyo ya kukatwa na fyurini. Katika safari yote hiyo, azuma ingeshika nini?

"Lakini mimi nilimeza nikapona." Wengi hupona bila kumeza chochote. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotolewa 2021, ulilinganisha wagonjwa 2,582 waliolazwa na kupewa azuma na 5,181 waliopata matibabu ya kawaida tu. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 22 kila upande. Sasa ukizoesha bakteria dawa hii bure, siku typhoid ikikubana utatibiwa na nini? Kama daktari amekupima akaona nimonia ya bakteria, hiyo ni habari nyingine. Njoo na cheti nitakupa.

Kuhusu gongo la mabibo: wanasema kama spiriti inaua virusi mkononi, ukinywa itaua kifuani. Spiriti huyeyusha ule utando wa mafuta wa kirusi kilicho nje ya mwili, tena iwe kali, asilimia 60 kwenda juu. Damu yako ikifika hata sehemu ndogo ya ukali huo, umekufa.

Kujifukiza nako huzibua pua, basi. Mvuke hauingii ndani ya seli kunakotengenezwa virusi, ila sufuria likimwagika mtoto anaungua.

Na wajawazito wanaoniuliza kama korona hukaa kwenye DNA (vinasaba vyetu) na kurithiwa: hapana. RNA yake hunakiliwa kwenye sitoplazimu, ndani ya vifuko vya utando. Haihitaji kiini cha seli ili izaliane.

Hela ya azuma changeni kama familia mnunue kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Futa rangi ya kucha kwanza, maana huharibu kipimo, kaa umetulia, mkono uwe na joto. Ikisoma chini ya asilimia 94, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama unajisikia nafuu.