Asiyeweza kulipa ada ya mahakama bado anaweza kushtaki

Wengi nchini Kenya huamini kwamba asiye na fedha za ada hawezi kufungua kesi ya madai, na kwa sababu hiyo huacha haki yao ipotee. Imani hiyo si sahihi. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinataka ada ya mahakama iwe ya kadiri na isimzuie mtu kupata haki, na Kifungu cha 22 kinakataza kutoza ada ya kuanzisha kesi za kutetea haki za msingi.

Kwa madai mengine, Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai humruhusu mtu kuomba idhini ya kushtaki bila kulipa ada kwanza. Si lazima awe hohehahe. Kipimo ni kama uwezo wake unatosha kulipa ada ya kesi hiyo. Hata hivyo, lazima aorodheshe mali yake kwa ukweli, kwani aliyeiuza kwa hila ili aonekane maskini hukataliwa. Tena, akishinda, ada ile inaweza kukatwa kwenye alichokipata. Akishindwa, anaweza kuamriwa ailipe.