Tarehe ya upasuaji imepangwa na usingizi umekukimbia

Kina mama waliopangiwa kujifungua kwa upasuaji wakifika kwangu, karibu kila kitu kimeshakaa sawa. Tarehe ipo, mara nyingi mimba ikiwa imetimiza wiki 39, kwa sababu mtoto akitolewa kabla ya hapo bila uchungu kuanza, kupumua humsumbua zaidi. Damu imepimwa, kadi ya kliniki iko mkononi, fomu ya ridhaa imesainiwa. Kilichokataa kukaa sawa ni usingizi. Mama hajalala siku kadhaa, mumewe hana habari, na ukimuuliza anaogopa nini anajibu, "Naogopa tu, dokta."

Mimi ni mtaalamu wa usingizi, yaani yule anayechoma sindano ya ganzi kisha anakaa kichwani pako mpaka kazi iishe. Kwa "naogopa tu" sina dawa. Kwa "naogopa nitasikia kisu" ninayo, tena zaidi ya moja. Kwa hiyo huwa nauliza tena: kuanzia kuingia thieta, kuchomwa sindano, kukatwa, mpaka kurudi wodini, ni wapi hasa moyo unapokwenda mbio? Majibu hutofautiana kuliko unavyodhani. Mama mmoja hakuogopa kisu wala kifo. Alichoogopa ni kulala uchi mbele ya wanaume asiowajua. Hilo tulilimaliza palepale: unafunikwa mashuka, panaachwa wazi tumbo tu, na mpira wa mkojo unaweza kuwekwa na mkunga wa kike baada ya ganzi kushika, wakati husikii chochote. Alikuwa amelibeba jambo hilo tangu mimba ina miezi saba.

Woga mwingi ninaokutana nao umetoka kwenye masimulizi. Shangazi kasema, wifi kasema, jirani naye kaongeza chumvi. Sisemi wanadanganya. Ila msimuliaji akimaliza, muulize swali moja: upasuaji wako ulipangwa, au ulikuwa wa dharura? Mara nyingi sana utakuta ni dharura: mtu alikaa leba tangu jana, njia haifunguki, mapigo ya mtoto yameanza kushuka, akakimbizwa thieta usiku wa manane huku watu wanapigiana kelele. Yule aliingia akiwa amechoka, ana njaa na kiu, na hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza kitu. Wewe utaingia asubuhi, umeoga, presha imepimwa, kila mtu anajua anakuja kufanya nini. Kwa mwili na kwa moyo, hizo ni safari mbili tofauti.

Halafu kuna wale wanaosimulia kwamba walipaa juu ya dari, wakaona njia ndefu yenye mwanga, wakazungumza na marehemu bibi. Kwa Waswahili habari hiyo hupata tafsiri yake haraka sana. Nikisikia hivyo huuliza kama alichomwa dawa ya mshipa akalala. Akisema ndiyo, nafikiria ketamini, dawa tunayoitumia sana kwa nusu kaputi katika hospitali zetu kwa kuwa haishushi presha wala kupumua kama nyingine. Ni dawa nzuri, lakini mtu akiwa anazinduka inaweza kumpa maruweruwe ya ajabu. Katika upasuaji uliopangwa, mama aliye na afya yake kwa kawaida hupewa ganzi ya mgongo na kubaki macho, kwa hiyo sehemu kubwa ya hofu ya "nikilala nisiamke" inakosa mahali pa kusimama.

Sasa tuje kwenye sindano yenyewe, maana hiyo ndiyo inayotetemesha wengi. Utakaa pembeni mwa meza, miguu ikining'inia, mkunga amesimama mbele yako akikushika mabega. Mimi huwaambia kina mama wa pwani, "Keti kama unakuna nazi." Wanaelewa mara moja: mabega yashuke, kidevu kiinamie kifua, mgongo uvimbe kwa nyuma. Mkao huo hufungua nafasi kati ya pingili. Nitakupangusa kwa dawa ya baridi, halafu utasikia mchomo mdogo wa kutia ngozi ganzi, unaowasha kwa sekunde chache. Baada ya hapo ni msukumo tu, kama mtu anakubonyeza kwa kidole. Ukishtuka, sema kwa mdomo, usiruke. Uti wa mgongo wenyewe huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nasi tunachoma chini ya hapo, kwenye maji yaliyozunguka mishipa ya fahamu. Dawa inayoingia ni mililita mbili na ushee, haizidi nusu ya kijiko cha chai.

Miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito, kisha haitakuwa yako. Hapo tunapima. Ninapitisha pamba yenye spiriti kuanzia paja kwenda juu na kukuuliza wapi unasikia baridi, na daktari wa upasuaji anafinya ngozi kwa koleo kabla ya kushika kisu. Kama unasikia maumivu, kisu hakiguswi. Tunasubiri, tunainamisha meza, tunarudia sindano, au tunakulaza kabisa. Lakini elewa jambo moja ambalo wengi hawaambiwi, kisha wakifika mezani wanadhani ganzi imekataa: utasikia kuguswa. Utasikia kuvutwa, kusukumwa, hata tumbo kukandamizwa kwa nguvu mtoto anapotolewa. Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi habari yote. Kama ni maumivu ya kweli, ya kuchoma au kukata, sema bila aibu. Hakuna tuzo ya mama aliyevumilia.

Mambo matatu hufuata, na yote matatu watu huyafikiria kuwa ni dalili za kufa. La kwanza ni kichefuchefu cha ghafla na kuona giza. Presha imeshuka, kwa sababu ganzi imelegeza mishipa ya damu ya miguu na nyonga. Niambie mapema, hata kabla hujatapika, maana dripu na sindano ya kupandisha presha viko mkononi mwangu na ndani ya dakika moja au mbili unarudi sawa. Ndiyo sababu pia meza huinamishwa kidogo upande wa kushoto, ili uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. La pili ni kutetemeka, meno yakigongana. Mama huona haya akidhani woga umemuumbua. Si woga, ni ganzi pamoja na baridi ya thieta, na hata mwanamke jasiri kupindukia hutetemeka. La tatu ni kuhisi kwamba hupumui. Ganzi ikipanda kifuani husikii mbavu zikinyanyuka kama ulivyozoea, ingawa zinanyanyuka. Ukiweza kuniambia "dokta, sipumui" kwa sauti yako ya kawaida, basi unapumua, na mashine ya kupima oksijeni iliyobanwa kidoleni inanionyesha. Ukisikia sauti inafifia au mikono inakufa ganzi, hilo ni jambo jingine, niambie upesi.

Kwa ajili ya kidole hichohicho, toa rangi ya kucha, na piko nyeusi isiwe kwenye ncha za vidole vyote, maana inaweza kuisumbua mashine. Shanga za kiunoni zivue nyumbani, kwa mikono yako mwenyewe, uzihifadhi unapotaka. Nimeshaona mkasi ukikata mlangoni mwa thieta na mama akilia kwa ajili ya shanga alizopewa na somo wake, wala si kwa ajili ya upasuaji.

Kuhusu mgongo. "Ukichomwa ile sindano mgongo hauponi maisha" ni kauli niliyoisikia hata kwa wauguzi. Mahali pa sindano panaweza kuuma siku chache, kama panavyouma popote palipochomwa. Maumivu ya mgongo ya miezi na miaka huwapata sana waliozaa, kwa njia yoyote waliyozaa, kutokana na mimba yenyewe, kubeba mtoto na kuinama kumnyonyesha. Utafiti haujaibebesha sindano lawama hiyo.

Kichwa, naam, kinaweza kuuma, na hapa sitakuficha. Sindano ikiacha tundu, maji ya uti huvuja kidogo, na kichwa huuma ukikaa au kusimama, kikatulia ukilala. Tunalijua hilo tangu siku za mwanzo kabisa: August Bier, daktari wa Kijerumani aliyeanzisha ganzi hii mjini Kiel mwaka 1898, alijijaribia mwenyewe na kuumwa kichwa siku kadhaa. Sindano zake zilikuwa nene. Za leo ni nyembamba, zenye ncha ya kalamu inayotanua badala ya kukata, na tatizo limepungua sana. Ila desturi ya kumlaza mama chali bila mto saa 24 haizuii chochote. Utafiti umeshalionyesha hilo, lakini wodi nyingi hazijasikia. Ukiumwa kichwa cha namna hiyo, rudi useme. Kinatibika.

Kuna mambo ya hospitali yanayoogopesha bila kukusudia. Ndugu wakiambiwa walete watu wa kutoa damu, mama anajua ameshahukumiwa. Damu hiyo ni akiba, na upasuaji mwingi huisha chupa ikiwa bado kwenye friji. Ukiulizwa jina lako na unafanyiwa nini, tena na tena, na watu tofauti, usidhani hawakujui. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limehimiza orodha ya ukaguzi kabla, wakati na baada ya upasuaji, na kukutaja jina kwa sauti ni sehemu yake. Ningekuwa na wasiwasi na thieta isiyouliza. Na fomu unayosaini ni ya upasuaji wa kumtoa mtoto. Kufunga kizazi ni ridhaa yake peke yake. Kama hujaiomba, mwambie daktari mbele ya mkunga, ulale kwa amani.

Njaa nayo hulisha woga. Chakula kigumu acha saa sita kabla, lakini maji meupe mama asiye na tatizo jingine anaweza kunywa hadi saa mbili kabla ya upasuaji. Nakutana na kina mama waliofunga tangu futari ya jana na zamu yao ni saa nane mchana, midomo imekauka, wanatetemeka hata kabla ya ganzi. Uliza zamu yako ni ya ngapi, na uliza saa ya mwisho ya kunywa maji.

Sitasema upasuaji hauna hatari. Kuna kutokwa damu, kidonda kuingia vijidudu, damu kuganda miguuni, na kila kovu kwenye mji wa mimba huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kukaa vibaya katika mimba ijayo. Ndiyo maana tunauliza mapema kama unataka watoto wengi. Hatari hizo kila moja ina kinga yake: dawa ya kuua vijidudu kabla ya mkato, dawa ya kukaza mji wa mimba mtoto akishatoka, kukuamsha utembee mapema. Mtoto mwenyewe hutoka kama dakika kumi hivi tangu mkato. Kinachochukua muda ni kushona, na muda huo unaweza kuwa naye kifuani kama hali inaruhusu. Omba kabla, usingoje uulizwe. Mume katika hospitali nyingi za umma haruhusiwi kuingia, kwa hiyo mtu wa kuongea nawe ni mimi. Wapo wanaotaka nisimulie kila hatua, wapo wanaotaka tuongelee mambo mengine kabisa, na wapo wanaotaka ninyamaze wasome dua zao. Nikijua mapema, nafuata.

Hofu ya kawaida hupungua mtu akishaelezwa. Isipopungua, ikiwa inakuamsha usiku kwa wiki nzima, inakurudisha kwenye uzazi uliopita ambapo ulipoteza mtoto au ulitendewa vibaya, au inakufanya umchukie aliye tumboni, hilo limeshakuwa ugonjwa na lina jina: tokofobia. Hofberg na Brockington, waganga wa akili wa Uingereza, waliwaandika wanawake 26 wa namna hiyo mwaka 2000. Wengine waliogopa kabla hata hawajawahi kuzaa, wengine baada ya uzazi mbaya, wengine sonona ilikuwa imejificha nyuma ya woga. Mweleze mkunga wa kliniki mapema ili upelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Usiningoje mimi siku moja kabla. Muda wangu na wewe ni mfupi.

Na wale wanaosema aliyepasuliwa hakuzaa, ni mvivu wa kusukuma, nawakaribisha wodini usiku wa kwanza. Ganzi huisha saa chache baada ya upasuaji. Usingoje maumivu yakolee ndipo uite muuguzi. Omba dawa ukiwa bado unaweza kuzungusha miguu kwa raha, na uzipokee kwa saa zake hata kama wakati huo huumwi. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto mdogo juu ya kidonda. Ukiamshwa mara ya kwanza, geuka ubavu, shusha miguu, kaa kidogo hadi kizunguzungu kiishe, kisha simama na mtu pembeni yako.